Hela ya Usajili

Mwaka 2008 kaka yangu alisajiliwa kwa shilingi milioni moja na nusu. Mayu, ambaye maisha yake yote alikuwa ameona pesa za namna hiyo zikiingia nyumbani kwa njia mbili tu, pamba au ng'ombe, alizihesabu mara mbili akauliza, "Na huyu watamrudisha lini?" Hakuna aliyecheka. Tulidhani ni swali la mtu asiyejua mpira.

Zile fedha ziligawanywa usiku uleule, kijijini kwetu nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Sehemu ilinunua bati za nyumba ya mbele. Sehemu ililipa deni la pembejeo lililobaki msimu uliotangulia. Kaka mwenyewe alichukua ya nauli, viatu vya njumu na begi jeusi lenye zipu mbili. Iliyobaki ilinilipia mimi ada ya bweni, kidato cha pili, na kila mwaka uliofuata alituma tena mpaka nikamaliza cha sita. Mimi ni mwanasheria wa mikataba ya kazi, nina ofisi ndogo Mwanza na cheti cha chuo cha Uingereza ukutani, na nimesomeshwa na mguu wa kulia wa beki namba mbili. Naomba uliweke hilo akilini, maana huko mbele nitakuwa nasoma mkataba wa mtu mwingine kana kwamba sina masilahi.

Klabu iliyomchukua ilikuwa ya mkoa mwingine, Ligi Daraja la Kwanza. Siitaji. Mkataba ulikuwa karatasi moja, ukurasa mmoja, na muhuri uliokaribia kuwa mkubwa kuliko maneno. Mshahara ulikuwa laki na themanini kwa mwezi. Katika misimu mitano aliyocheza, kaka anasema miezi aliyolipwa kwa wakati anaweza kuihesabu bila kuvua viatu. Waliishi kambini, nyumba ya kupanga yenye vyumba vinne na magodoro chini, wakala wali na maharage, na siku ya mechi wakala wali na nyama. Walisafiri kwa basi la abiria. Wakishinda, kiongozi mmoja alikuja na bahasha. Wakifungwa, simu ya kiongozi huyo haikupatikana.

Nisikufanye uone huruma tu. Alikuwa na furaha. Aliporudi likizo alitembea kijijini polepole, kama mtu anayejua anatazamwa, na watoto walimfuata. Alipiga krosi moja katika mechi ya mwaka 2011 ambayo ameisimulia mara nyingi kiasi kwamba mimi, niliyekuwa darasani siku ile, naiona vizuri kuliko mambo mengi niliyoyashuhudia.

Sikumbuki mtu yeyote nyumbani akiuliza kazi yake nyingine ni ipi. Kwa wazee wetu swali hilo lingekuwa la kawaida kabisa. Tulikuwa na baba mdogo aliyecheza mpira Mwadui, kule Kishapu, ambako Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940 na kujenga mji mzima ndani ya uzio, wenye hospitali yake, shule zake na uwanja wake wa ndege. Baba mdogo alikuwa fundi wa karakana. Mchana alishika spana, jioni alifanya mazoezi, na siku ya mechi msimamizi alimruhusu mapema. Goti lake liliumia pia. Alitibiwa hospitali ya kampuni, akaacha mpira, na Jumatatu akarudi karakanani. Alipostaafu alipata kiinua mgongo akanunua ng'ombe na baiskeli ya Phoenix.

Ndivyo mpira wa nchi hii ulivyokuwa kwa muda mrefu. Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro, Tumbaku, Mecco ya Mbeya, Bandari ya Mtwara: majina yenyewe yanakuambia mshahara ulitoka wapi. Mtu aliajiriwa kama karani au kuli au fundi, na mpira ukawa kitu anachokifanya kwa jina la kazi yake. Wengine hawakushika kalamu hata siku moja, ni kweli, lakini majina yao yalikuwa kwenye orodha ya malipo na makato ya mfuko wa akiba yalikwenda. Mashirika yalipobinafsishwa au kufa miaka ya tisini, timu zilikufa nayo au zikahamia kwa halmashauri, wafadhili na wanasiasa. Mchezaji akawa mchezaji tu. Tuliita hiyo maendeleo, na kwa nyota wachache yalikuwa maendeleo kwelikweli. Leo ukitaka kuona mabaki ya mfumo wa zamani watazame wenye magwanda: JKT Tanzania, Tanzania Prisons, Mashujaa. Wapo vijana huko wanaocheza huku wakiwa na namba ya ajira, na wakichoka wanabaki askari.

Kaka hakuwa na namba ya ajira. Aliumia goti Machi 2013, mazoezini, bila hata mtazamaji. Mganga wa timu alikuwa kijana mwenye dawa ya kupuliza na bandeji. Baada ya wiki tatu alipewa nauli aende nyumbani kupumzika, na wakati huo klabu ilikuwa inamdai yeye njumu mbili, na yeye anaidai klabu mishahara ya miezi saba. Hakuna barua iliyoandikwa. Msimu uliofuata jina lake halikuwa kwenye usajili, basi. Wachezaji wakubwa hustaafu kwa mechi ya kuagwa na shada la maua, wa kwetu huacha kuonekana, na mtu akikumbuka kuuliza huambiwa, "Yule? Yuko machimbo."

Miaka mitano baadaye FIFA iliongeza kifungu kwenye kanuni zake za usajili na uhamisho wa wachezaji. Mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuiandikia klabu, akaipa siku 15 kulipa, na wasipolipa akavunja mkataba kwa sababu halali, huku akiendelea kudai chake. Nilimsomea kaka kifungu hicho kwenye simu. Alinyamaza kidogo, akaniambia, "Miezi miwili? Miezi miwili sisi tulikuwa bado hatujaanza hata kulalamika."

Machimbo yenyewe yalikuwa Nyarugusu, mkoani Geita. Alifika na begi lile jeusi lenye zipu mbili. Kwanza alifanya kazi ya kupokea mifuko kwenye mdomo wa duara, kwa sababu kushuka na goti lile hakungewezekana. Kama hujawahi kuona duara la wachimbaji wadogo, fikiria kisima kilichochimbwa kwa mikono, kimeshikiliwa na magogo wanayoyaita matimba, kinashuka makumi ya mita kisha kinageuka kufuata mwamba. Mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara lake, anayelisha wachimbaji lake, na wanaochimba hugawana kilichobaki, kama kipo. Anayefanya kazi miezi minne bila kupata mawe yenye dhahabu hajalipwa kitu zaidi ya ugali. Kaka aliuona mfumo huo akauelewa siku ya kwanza. Alisema ulikuwa uleule wa klabu yake, ila hapa angalau hakuna aliyekuahidi mshahara.

Walimwita Beki. Mpaka leo Katoro, alikohamia baadaye, wapo watu wanaofanya naye biashara miaka yote hii bila kujua jina lake la ubatizo. Pale Katoro alinunua karasha la mkono wa pili kwa ubia na mwenzake, mashine ya dizeli ya kusaga mawe kabla hayajaoshwa. Kazi inalipa kuliko mpira ulivyomlipa. Anakula vumbi la mawe siku nzima na kitambaa cha khanga mdomoni, na nikimwambia habari ya mapafu ananiambia nimletee basi ile barakoa ya wazungu. Nilimletea mbili. Anazo kabatini.

Jumapili anatazama mpira. Katika mkoa wetu na wa Geita mpira na madini ni hadithi moja, na kaka anaifuata kama watu wengine wanavyofuata tamthilia. Mwaka 2014 Stand United ya Shinyanga, timu iliyozaliwa na wapiga debe wa stendi ya mabasi na inayoitwa Chama la Wana, iliingia Ligi Kuu. Mwaka uliofuata Mwadui nayo ikapanda. Wachimba almasi na watu wa stendi, mkoa mmoja, ligi moja na Simba na Yanga! Kampuni ya dhahabu ya Acacia iliidhamini Stand, Mfaransa Patrick Liewig akaja kufundisha, na Uwanja wa Kambarage ukajaa watu waliokuja na matobolwa mfukoni. Halafu ukaja mgogoro wa nani mwenye timu, udhamini ukaondoka. Stand ilishuka mwaka 2019, Mwadui mwaka 2021.

Upande wa Geita kaka ana kumbukumbu anayoipenda kuliko ninavyotaka aipende. Februari 2016, siku ya mwisho ya kundi lao katika Daraja la Kwanza, Geita Gold waliwafunga JKT Kanembwa 8-0, na saa hizohizo Polisi Tabora wakawafunga JKT Oljoro 7-0. Timu mbili zilizokuwa zinagombea nafasi moja ya kupanda, kwa tofauti ya mabao. TFF ilichunguza, ikazishusha daraja zote nne, na waliopanda wakawa Mbao ya Mwanza, ambao mwaka uliofuata tu walicheza fainali ya Kombe la FA dhidi ya Simba na kufungwa 2-1. Mimi nilikasirika kama wakili. Kaka alitikisa kichwa kama mtu aliyewahi kulala kwenye godoro lile. "Ukimlipa mtu mwezi wa saba mshahara wa mwezi wa pili," alisema, "mwezi wa tatu mpaka wa sita anakula kwa nani?"

Geita Gold walirudi. Klabu ya Halmashauri ya Mji, ikidhaminiwa na mgodi wa GGML, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021, mwaka uleule Azam Media waliosaini na TFF haki za matangazo kwa miaka kumi, shilingi bilioni 225. Msimu wao wa kwanza walimaliza nafasi ya nne. George Mpole alifunga mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga, akawa mfungaji bora wa ligi akiwa na jezi ya timu ya mji wa dhahabu. Katoro walipiga honi za bodaboda mpaka usiku. Timu ikaenda Kombe la Shirikisho Afrika ikatolewa na Hilal Alsahil ya Sudan. Mpole akaenda kuchezea Lupopo ya Lubumbashi, mji mwingine wa mgodi, wa shaba safari hii, na baadaye akarejea Kanda ya Ziwa, Pamba Jiji. Mwaka 2024 Geita Gold walishuka. Kaka hakuhuzunika sana kuhusu timu. Alihesabu wachezaji. Alichukua kikosi cha msimu ule wa nafasi ya nne akawa ananiambia mmoja mmoja: huyu yuko wapi sasa, huyu yuko wapi. Kwa wengine alikuwa na jibu.

Mwaka 2018 nilikwenda Leeds kusoma shahada ya uzamili, mwaka mmoja. Kama wanafunzi wengi wa kutoka huku nilifanya vibarua vya kutunza wazee mwishoni mwa wiki, katika nyumba ya wazee iliyo nje ya jiji, upande wa Pontefract na Featherstone. Hiyo ilikuwa nchi ya makaa ya mawe. Sasa ni nchi ya maghala na barabara pana. Mzee mmoja alikuja kila siku kumtazama mkewe, ambaye hakumkumbuka tena. Alikuwa na makovu ya bluu mikononi na moja juu ya nyusi, nikadhani ni chale zilizofutika. Ni vumbi la makaa lililoingia kwenye jeraha kabla halijafunga, aliniambia, na halitoki. Alishuka mgodini akiwa na miaka 15. Na kwa misimu 12 alikuwa mchezaji wa kulipwa wa raga, ile ya wachezaji 13 kila upande ambayo Waingereza wa kaskazini wanaichukulia kama dini yao.

Mimi raga sikuijua. Nilimwambia kaka yangu naye alicheza mpira wa kulipwa, miaka mitano. Akauliza, kwa adabu kabisa, kama mtu anayeuliza hali ya hewa: "Na kazi yake ilikuwa nini?"

Nilimjibu kwamba hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Akaniangalia kama Mayu alivyoziangalia zile fedha.

Baadaye nilisoma kwa nini aliuliza hivyo. Agosti 29, 1895, katika hoteli iitwayo George mjini Huddersfield, viongozi wa vilabu zaidi ya ishirini vya kaskazini walijitenga na chama cha raga cha Uingereza. Ugomvi haukuwa juu ya sheria za mchezo. Wachezaji wao walikuwa wachimba makaa na watu wa viwanda vya nguo, waliokatwa ujira kila walipotoka kazini kwenda kucheza, na vilabu vilitaka kuwafidia saa hizo. Mabwana wa kusini, ambao hawakuwa wanakatwa chochote, walisema mchezo wa kiungwana hauchezwi kwa fedha. Waliojitenga waliruhusu fidia ya shilingi sita kwa siku. Mwaka 1898 waliruhusu malipo kamili, lakini kwa sharti ambalo lilinifanya nicheke peke yangu maktaba: mchezaji wa kulipwa lazima awe na kazi nyingine halali, na kuhudumu baa au kuhesabu alama kwenye meza ya biliadi hakukuhesabiwa kazi. Sharti hilo lilifutwa baada ya miaka michache, ila mazoea yalibaki. Mpaka ligi mpya ya mwaka 1996 ilipoleta fedha za televisheni, wachezaji wengi wa mchezo ule walikuwa na ajira zao wiki nzima.

Na hawakuwa dhaifu kwa hilo. Featherstone ni mji mdogo tu, na Featherstone Rovers walichukua Kombe la Challenge pale Wembley mara tatu, 1967, 1973 na 1983. Watu wa kule wanapenda kusema kwamba timu ikipungukiwa mchezaji walipiga mluzi tu kwenye mdomo wa mgodi. Kisha ukaja mgomo wa 1984, mwaka mzima, na mwaka 1985 mgodi wa Featherstone wenyewe ukafungwa. Mzee wangu hakutaka kusimulia sana habari ya mgomo. Alisema tu kwamba siku walipofunga mgodi ndiyo siku aliyostaafu raga, ingawa alikuwa ameacha kucheza miaka saba kabla.

Alimpenda sana Rob Burrow, kijana wa Pontefract aliyeanzia timu za watoto za Featherstone na kuichezea Leeds Rhinos kuanzia 2001 hadi 2017, mwenye urefu wa mita moja na sentimita 65 katikati ya majitu, bingwa mara nane. Nilikuwa nimekwisharudi nyumbani Desemba 2019, Burrow alipotangaza kwamba ana ugonjwa wa mishipa ya fahamu usiotibika. Alikuwa na miaka 37. Wenzake wa Leeds walisimama naye. Nahodha wake Kevin Sinfield alikimbia marathoni saba kwa siku saba kumchangia fedha yeye na wagonjwa wengine. Alifariki Juni 2, 2024. Mzee alinitumia picha ya maua uwanjani, bila neno. Nilimwonyesha kaka, nikamweleza habari ya zile marathoni. Akauliza, "Nahodha? Nahodha mwenyewe alikimbia?" Nahodha wake yeye mara ya mwisho kuonana naye ilikuwa kwenye basi, mwaka 2013.

Sasa nifike kwenye karatasi.

Mtoto wa kaka ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, na ni winga wa kushoto. Sisemi hivyo kwa mapenzi ya shangazi. Nimemwona katika mechi za mchangani Katoro akimpita mtu mzima kwa upande uleule mara tatu mfululizo, na mara ya tatu yule mtu mzima alikaa chini kabisa. Januari mwaka jana alikuja wakala wa kituo kimoja cha soka, akiwa na mkataba na ahadi ya shilingi milioni nne. Kaka alinipigia. "Mdogo wangu, njoo usome. Mimi nilisaini bila kusoma, sitarudia."

Nilipanda basi la asubuhi. Tulikaa nyuma ya karasha, mashine ikiwa kimya kwa sababu injini ilikuwa imepasuka wiki mbili kabla. Nilijua bei ya injini. Ni milioni nne na kidogo.

Mkataba ulikuwa wa kurasa tano, nadhifu, tofauti kabisa na ule wa 2008, na nilianza kuusoma nikiwa na matumaini. Muda: miaka mitano. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kusaini mkataba wa zaidi ya miaka mitatu. Shule: hakuna neno. Mapato yoyote ya uhamisho: kituo na wakala kwanza, mchezaji kinachobaki. Na kifungu cha 11, mstari mmoja: mchezaji akiumia, kituo hakitahusika na gharama wala fidia.

Nilieleza yote. Wakala, kijana mstaarabu mwenye saa kubwa, alisema, "Dada wakili, hii ni mikataba ya kawaida tu, wote wanasaini." Nilimwamini. Hilo ndilo lililonisumbua.

Kaka hakusema kitu. Alikuwa akiitazama injini. Wifi alileta chai akarudi ndani haraka, na nilielewa kwamba ndani kulikuwa kumeshazungumzwa. Aliyesema ni mtoto. Alianza na "Shangazi, samahani," kisha akasema yaliyokuwa kifuani: "Wewe ulisoma kwa hela ya usajili ya baba. Kwa nini mimi ikifika zamu yangu ndiyo tunasoma vifungu?"

Ningeweza kumjibu kisheria. Nilikunywa chai. Yule mtoto alikuwa ameifanya hesabu sawasawa: goti moja, mwanasheria mmoja. Mbele ya macho yangu alikuwa tayari kutoa la kwake kwa injini ya karasha, na ndivyo baba yake alivyotoa la kwake kwa bati, deni na ada yangu. Na kaka, ambaye angekuwa na haki kuliko mtu yeyote duniani ya kumwambia mwanawe hapana, alihitaji kwa dhati zile milioni nne.

"Saini miaka mitatu," kaka alisema hatimaye, akimwambia wakala, si mtoto. "Na aendelee na shule hukohuko Mwanza, ada mlipe nyie. Na hicho cha 11 kitoke."

Wakala alisema atawaonyesha wakubwa. Nilimwandikia mabadiliko kwa kalamu pembeni, na nikaongeza kifungu cha bima ya matibabu. Alipoondoka, nilimwambia kaka naweza kumkopesha fedha ya injini, nusu sasa na nusu mwisho wa mwezi, ili mkataba usisainiwe kwa njaa. Alikataa nusu, akachukua nusu. Mwenzake wa ubia aliongeza iliyopungua.

Wiki tatu baadaye wakala alirudi na karatasi mpya. Miaka mitatu, sawa. Shule ya kutwa karibu na kambi, ada inalipwa, sawa. Bima hakuna. Kifungu cha 11 kilikuwa palepale, ila sasa kilikuwa cha 13. Mimi nilikuwa mahakamani Mwanza. Kaka alinisomea kwenye simu kwa sauti, neno kwa neno, na nyuma yake karasha likiwa linanguruma nikalazimika kumwomba arudie. Kisha akaniambia subiri. Nilisikia anaomba kalamu. Alikata kifungu cha 13 kwa mistari miwili, akatia saini yake pembeni ya mistari, akasaini mwisho kama mzazi, na mtoto akasaini chini yake. Wakala alisema ataupeleka kwa wakubwa ukasainiwe upande wa pili.

Nilimweleza kaka kwamba mstari uliokatwa na upande mmoja bila upande wa pili kuutia saini hauna nguvu kubwa. Alisema anajua, nilishamwambia. Alisema walau safari hii wataona kwamba aliyesaini alikuwa amesoma.

Mtoto aliondoka Jumapili na basi la mchana, akiwa na godoro lililokunjwa na madaftari yake. Anakuja kula kwangu Mwanza kila Jumamosi ya pili, anakula kama watu watatu, na hesabu zake za kidato cha tatu ni mbaya kwa hiyo tunazifanya mezani. Kaka hupiga simu usiku. Mtoto humsimulia mechi, kisha simu inakuja kwangu, na kaka ananiuliza kama ile nakala yetu imesharudi. Bado. Ameshacheza mechi kumi na nne.